Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: wagonjwa hawa wanafanana kwa lipi?

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kabla hujatia saini ununuzi wa programu yoyote ya kumtafutia daktari wagonjwa wanaofanana na yule aliye mbele yake. Kazi hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Ila kuna swali ambalo muuzaji anapaswa kulijibu kwa maandishi kabla ya kuzungumzia bei: wanafanana kwa lipi?

Faida ipo. Mwaka 2011 madaktari wa Stanford, Marekani, walieleza habari za msichana wa miaka 13 mwenye lupasi (ugonjwa ambapo kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe), ambaye figo zake zilikuwa zikivujisha protini na kongosho lake limevimba. Walihofia damu isije ikaganda mishipani, lakini dawa ya kuzuia hilo nayo huweza kumtoa mgonjwa damu. Tafiti zilizochapishwa hazikuwapa jibu. Wakapekua kumbukumbu za kompyuta za watoto 98 wenye lupasi waliowahi kutibiwa hapo, wakaona kwamba waliokuwa na matatizo kama yake ndio walioganda damu zaidi. Wakaamua kumpa dawa ndani ya saa 24 tangu alazwe. Tazama lakini, Mheshimiwa: walijua wanatafuta nini. Protini kwenye mkojo na uvimbe wa kongosho waliviteua wao wenyewe.

Programu inayojifunza kutokana na takwimu hugeuza kila jalada kuwa safu ya namba: umri, presha, sukari, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo), dawa, misimbo ya magonjwa. Kisha hupima umbali kati ya safu na safu. Kila namba hupewa uzito, na hapo ndipo uamuzi ulipo. Chukua wagonjwa wawili wa kisukari, rika moja, sukari sawa, presha sawa. Kwa wingi wa namba zao ni kama mapacha. Lakini kama swali ni nani apewe metformini, dawa ya kisukari inayoweza kuwa hatari figo zikishindwa, basi kreatinini ya mmoja ikionyesha figo zimechoka, hawafanani hata kidogo. Alama moja ya mfanano kwa kila swali ni hatari.

Sasa fungua jalada la mgonjwa mwingine, ukute mstari wa kreatinini hauna kitu. Programu nyingi hujaza hapo wastani wa wenzake, na mtu ambaye hakuwahi kupimwa anahesabiwa kuwa na figo za kawaida. Sisi tunaoshika majalada haya kila siku tunajua pengo lile lina habari yake: huenda daktari hakuona haja, huenda kipimo hakikuwepo, huenda mgonjwa hakumudu. Utafiti wa hospitali mbili za Boston uliotoka mwaka 2018 ulikuta kwamba kwa vipimo 118 kati ya 174, muda ambao kipimo kiliagizwa ulitabiri uhai wa mgonjwa vizuri kuliko majibu yenyewe. Maana yake mashine hujifunza mwenendo wetu sisi watoa huduma pamoja na maradhi ya watu, na haitenganishi.

Mwaka uliofuata, watafiti wa Marekani walionyesha programu iliyotumia gharama za matibabu kama kipimo cha uhitaji. Kwa kuwa fedha zilizotumika kuwatibu wagonjwa weusi zilikuwa kidogo, weusi waliopewa alama sawa na weupe walikuwa wagonjwa zaidi yao. Hakuna aliyekusudia ubaguzi huo. Ulitokana na kuchagua kipimo kisichofaa.

Kwa hiyo naomba kila matumizi yaidhinishwe kwa swali lake, na uzito wa namba upitiwe na matabibu wa ugonjwa husika. Daktari aonyeshwe wagonjwa waliochaguliwa wako mbali kiasi gani na wake, na nini kimewakutanisha. Mapengo yaonekane kama mapengo. Matokeo yapimwe kwa kila kundi la watu peke yake, kwa sababu wastani wa jumla huwafunika walio wachache. Kufuta majina nako hakutoshi: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na mahali anapoishi mtu mara nyingi vinatosha kumtambua.

Na zaidi ya yote, programu iweze kusema kwamba hakuna anayefanana. Ukiiomba wagonjwa kumi wa karibu itakuletea kumi, hata kama yule wa kwanza yuko mbali mno. Mwenye ugonjwa adimu ndiye atakayeumia. Naomba sharti hilo liandikwe kwenye mkataba, na lijaribiwe kwa majalada ya wagonjwa wa aina hiyo kabla ya malipo ya kwanza.

Wako katika kazi,
Mtunza kumbukumbu za wagonjwa