Kwa mnaoingia barabarani: someni mswada kwanza

Wanangu na wajukuu zangu,

Siwaandikii kuwakataza. Bei zinapanda, mshahara umeganda palepale, halafu tunaambiwa tufunge mikanda na mtu ambaye wake haulizunguki tumbo. Nani asipige kelele?

Nami niliandamana ujanani. Bango langu lilikuwa na neno moja, HAPANA, kwa rangi nyekundu iliyonichuruzikia mpaka kwenye shati. Mwandishi wa habari akanisogelea: "Hapana kwa lipi hasa?" Nikababaika. Nilijua ruzuku imeondolewa; kifungu gani kimeiondoa na nani anaweza kuirudisha, sikujua. Aibu ile ninayo hadi leo.

Vijana wa Kenya mwaka 2024 hawakuaibika hivyo. Waliusoma Mswada wa Fedha, uliobeba kodi mpya, wakaufafanua kwa lugha za nyumbani, wakausambaza mitandaoni. Tarehe 25 Juni damu ilimwagika. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Ila Desemba hiyohiyo baadhi ya kodi zilirudi kupitia sheria nyingine.

Hapo ndipo nataka mnisikilize. Ecuador, 2019, viongozi wa jamii za asili walikubali kuketi na Rais Lenín Moreno kwa sharti kwamba mazungumzo yaonyeshwe moja kwa moja kwenye televisheni. Sharti la watu wenye akili! Amri ya kuondoa ruzuku ya mafuta ikafutwa. Mwaka uliofuata ukaja utaratibu mpya: bei kurekebishwa kila mwezi, kidogokidogo. Wenye madaraka wanajua kuwa mwandamanaji huchoka.

Basi gawaneni kazi. Wachache wenu wasiende barabarani kabisa; wabaki na vitabu vya bajeti, wafuatilie vikao vya kamati, wapeleke maoni kwa maandishi. Si kazi ya kupigwa picha, najua. Na mnaokwenda, jihesabuni mkitoka, mjihesabu tena mkirudi. Akikosekana mmoja, msilale mpaka mjue yuko kituo gani cha polisi au hospitali gani. Anayewachochea mvunje duka la mtu, mwondoeni mapema. Huyo hakuja kwa ajili ya bei.

Goti langu haliniruhusu tena kukimbia moshi, lakini miwani ninayo. Mswada ujao ukitoka nileteeni nakala. Nitaanzia nyuma, kwenye majedwali.

Mzee wenu