Harambee ya Ada: Vijana Wetu Watatu Wanaosomea Malisho

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu waumini, majirani zetu Waislamu na Walutheri ambao hamjawahi kutuangusha, na ninyi wana Mwanza mlioko Dar, Dodoma na ng'ambo: Kamati ya Elimu ya parokia inapiga hodi tena. Safari hii hatuchangii paa wala kinanda. Tunachangia vijana watatu, binti wa Misungwi na wavulana wawili wa Kwimba na Magu, wanaosoma shahada ya usimamizi wa nyanda za malisho Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Minong'ono ya nje ya kanisa baada ya tangazo la kwanza tumeisikia. "Mtoto anakwenda chuo kikuu kusomea majani?" Wangekuwa wanasomea udaktari pale Bugando, bahasha zingejaa siku hiyohiyo. Basi tuyazungumze hayo majani.

Wazee wetu waliyasomea bila cheti. Mvua zikianza, mzee alifunga ngitili yake, yaani eneo la malisho lililotengwa kwa ajili ya kiangazi: ng'ombe haingii, nyasi zinakua mpaka zinakauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kikikaza, Julai au Agosti, kwingine kote kumebaki vumbi, anaifungua kipande kwa kipande, kwanza kwa ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia. Aliyevunja utaratibu alijibu mbele ya dagashida, baraza la jadi la Wasukuma. Jirani zetu wa Shinyanga walishaanza kuitwa jangwa, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, kilichookoa ardhi kwa sehemu kubwa ni kuzirudia ngitili hizohizo. Mwaka 2002 kazi ile ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo anayesema babu yake aliyajua haya bila chuo, anasema kweli tupu.

Ila babu hakugawana ngitili na wajukuu kumi na wawili. Leo shamba la mpunga limeingia kwenye itogolo, ardhi ya chini tuliyochungia, pamba imepanda hadi miguuni pa mawe, na aliyezidiwa anaswaga ng'ombe wake kusini. Nani katika parokia hii hana mjomba aliyehama na mifugo? Wengine walifika Ihefu, bonde oevu la Mbarali mkoani Mbeya, wakaondolewa mwaka 2006 na 2007, wakaelekea Lindi. Waliobaki tunakutana nao kwenye mikutano ya kijiji ya mpango wa matumizi ya ardhi, na wote mnajua inavyokwenda. Mfugaji anasema malisho hayatoshi, mkulima anasema eneo limekaa bure, mwenyekiti anaahirisha. Sheria ya maeneo ya malisho ipo tangu 2010. Anayekosekana ni mtu wa kusimama na kusema: eneo hili, kwa nyasi zilizopo, linabeba ng'ombe wangapi na kwa miezi mingapi.

Hilo ndilo binti yetu anajifunza. Likizo iliyopita aliingia ngitili ya babu yake na fremu ya chuma ya mita moja kila upande. Anailaza chini, anakata majani yote yaliyomo ndani yake, anayatia kwenye mfuko wa kaki, anaandika tarehe, anasogea hatua kadhaa na kurudia. Majani yanakaushwa, yanapimwa kwenye mizani. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji takriban kilo sita za majani makavu kwa siku, na nusu ya nyasi lazima ibaki shambani ili mizizi isife. Kuanzia hapo ni hesabu. Majina ya nyasi kwa Kisukuma alipewa na babu, na mzee alimsahihisha kila alipokosea. Sisi tunaamini mkutano wa kijiji ungemsikiliza mtu wa namna hiyo kuliko ofisa anayekuja na gari na kuondoka kabla ya chakula cha mchana.

Ndugu zetu wa soko la samaki la mwaloni Kirumba, msidhani hili ni la wenye ng'ombe peke yao. Maji mekundu ya Mto Simiyu na Magogo-Moame wakati wa mvua ni udongo wa malisho yaliyokwanguliwa, na unatua ziwani, kwenye kina kifupi ambako sato hutaga.

Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nyanda za Malisho na Wafugaji. Mabango na fulana zitagawiwa. Ada haigawiwi.

Bodi ya Mikopo imewasaidia vijana hawa, lakini hakuna aliyepata asilimia mia. Pengo ni sehemu ya ada, chakula, gharama za mafunzo kwa vitendo, kompyuta mpakato moja ya kutumia kwa zamu, na nauli ya basi kutoka Nyegezi kupitia Singida na Dodoma hadi Morogoro. Kamati imekataa kuongeza vijana wengine mwaka huu, na baadhi yenu mmekasirika. Ni afadhali watatu wahitimu kuliko kumi waishie mwaka wa pili. Ajira ya serikali hatuwezi kuwaahidi. Wao wametuahidi kwa maandishi kwamba kila likizo ndefu watafanya kazi na kamati za malisho za vijiji vyao, bila malipo.

Harambee ni Jumapili ya mwisho ya Agosti baada ya misa ya pili. Kutakuwa na mnada kama wa sikukuu ya mavuno: leta jogoo, gunia la mpunga, sato, mkeka, ulichonacho. Mwaka jana kuku mmoja alinunuliwa na kurudishwa mnadani mpaka akachoka yeye mwenyewe, na tunaomba iwe hivyo tena. WAWATA, wanawake Wakatoliki wetu, wanapika. Jumuiya ndogondogo zikabidhi ahadi zao wiki moja kabla. Walio mbali wamuulize mweka hazina namba ya kutumia fedha. Usitume kwa namba yoyote uliyorushiwa na mtu mwingine, hata kama ina jina la parokia. Stakabadhi za chuo zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo kabla ya Noeli.