Mwanangu, usiombe vita

Mwanangu, ile voisi uliyotuma kwenye grupu la familia nimeisikiliza, unasema tuwafuate Rwanda tukawatie adabu. Pale sikujibu, wadogo zako wanasoma. Nakuandikia huku maana kesho kutwa unaripoti kambini na hili limenikaa rohoni.

Kupata jeshi nimefurahi sana baba, mpaka mwenyekiti wa kijiji nimeshamwambia. Ila kuomba vita hapana. Wenzio walikuwa Kongo na kikosi cha SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, tangu Desemba 2023, sisi na Afrika Kusini na Malawi, Januari 2025 Goma ikachukuliwa na waasi wa M23 na wenzio wapo hukohuko, Machi SADC wakasitisha kazi ya kikosi. Wataalamu wa UN wanasema Rwanda ipo nyuma ya M23, Rwanda wenyewe wanakana. Sasa angalia, Rwanda tupo nao Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kongo tupo nao Jumuiya na SADC pia. Mkataba wa ulinzi wa SADC ulisainiwa hapahapa nchini, Dar, 2003. Wakubwa wakisaini wanaahidi ugomvi wa jirani utakuwa wa wote, halafu ahadi yenyewe anaenda kuitimiza mtoto wa mtu kama wewe.

Sisemi mikataba ni mibaya. Kijiji cha Kitaya hapa Mtwara kilipovamiwa Oktoba 2020 na wale wapiganaji waliovuka mto Ruvuma kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, watu waliuawa, nyumba zikachomwa, mama yako mdogo akakimbia na watoto na nguo walizovaa tu. 2021 yakaingia Msumbiji majeshi ya SADC na ya Rwanda, haohao unaotaka kuwatia adabu, na huku mpakani tukaanza kupumua. Mbona hilo hukulisema?

Na usiniambie Amin alikuwa kichaa basi yakaishia hapo. Alipompindua Obote, rais wa Uganda, 1971 sisi tukampokea Obote, mwaka uliofuata watu wake wakatokea huku kwetu kwenda kumpiga Amin wakashindwa, kuanzia hapo ni matusi tu na kuoneana shaka, Jumuiya ile ya zamani ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, 1978 Amin akavamia Kagera akasema ardhi mpaka mtoni ni yake, na Gaddafi akamletea askari wa Libya. Kumtoa ilibidi, na baba yako mkubwa alikwenda, mwenyewe unajua alivyorudi. Lakini ile vita ilipikwa miaka saba kabla ya risasi ya kwanza, kwaio mtu akikuambia vita fulani imeanza jana usimuamini haraka.

Na Mahiwa je? Kila ukienda Masasi unapapita. Oktoba 1917, Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza na Wajerumani walipigana pale siku nne, waliokufa na kuumia ni maelfu, na wengi walikuwa weusi, wengine wametolewa Nigeria hukooo. Ugomvi ulianza Austria na Serbia, Urusi akasimama na Serbia, Mjerumani na Austria, Mfaransa na Muingereza wakaingia, mwisho wanakufa watu Lindi ambao hata hiyo Serbia hawajawahi kuisikia. Nimefundisha hayo darasani miaka na miaka, na wewe ulikaa dawati la mbele.

Ukipangwa kwenda nenda, utii ni kazi yako na sitakuzuia. Ninachotaka ujue ugomvi ni wa nani na ulianzia wapi, na usishangilie. Naomba hilo tu mwanangu, usishangilie.

Kingine, mjomba wako kanuna hukwenda kumuaga, mpigie leo usisubiri ufike kambini wakuchukulie simu. Salfa imepanda bei, mikorosho ya kule bondeni nitapulizia nusu kwanza, hela ya mnada uliopita chama hawajaingiza bado. Mdogo wako anataka viatu vya shule, vile vyako vya zamani vinamtosha au ulishampa mtu? Nijibu hilo mapema, Jumamosi naenda gulioni.

Mama yako.