Tuanzishe ithibati ya KKK kwa shule za msingi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo, kwa miaka mingi niliyofundisha Darasa la Kwanza na la Pili hadi nilipostaafu, nimelisikia likilalamikiwa kila matokeo yanapotangazwa na kusahauliwa hadi matokeo mengine: watoto wanaofika madarasa ya juu bila kumudu kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK.

Shule ya msingi nchini mwetu Tanzania haiwezi kufunguliwa bila kusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, na kabla ya usajili huo wataalamu hukagua eneo, majengo, samani, vyoo na sifa za walimu. Vigezo vyenyewe viko wazi kiasi kwamba hata mzazi anaweza kuvihakiki kwa macho: wanafunzi wasiozidi 45 katika darasa moja, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Sipingi hata kimoja, kwa kuwa mtoto hasomi vizuri akiwa amebanwa au anaaibika. Hata hivyo, usajili hutolewa kabla mtoto wa kwanza hajafundishwa irabu, kwa hiyo hauwezi kutuambia kama shule hiyo inafundisha.

Wathibiti ubora wa shule ndio wanaofuatilia baada ya hapo, na mwongozo wao wa mwaka 2017 unawataka watazame shule nzima, kuanzia ujifunzaji wa wanafunzi na ufundishaji hadi uongozi, mazingira na ushiriki wa jamii. Ni kazi pana na ya lazima, lakini kwa upana huo KKK huwa ni kipengele kimoja miongoni mwa vingi. Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne nao humpima mwanafunzi mmoja mmoja, tena miaka miwili baada ya wakati ambao alipaswa awe anasoma. Ninachopendekeza ni ithibati ya KKK, yaani cheti cha uthibitisho, inayotolewa kwa shule yenyewe, inayoombwa, inayotafutiwa ushahidi na inayokwisha muda wake.

Wenzetu wa England na Wales waliwahi kuwa na utaratibu wa aina hii chini ya taasisi iliyoitwa Basic Skills Agency, ambayo ilizipa shule za msingi alama ya ubora kwa kutazama mambo kumi. Kinachonivutia ni kwamba mambo hayo hayakuishia kwenye alama za mitihani. Shule ilitakiwa ioneshe kuwa ina mkakati wa shule nzima, inapima mahitaji ya watoto, inajiwekea malengo, ina mpango wa kuwainua walio nyuma, inaendeleza walimu wake na inawashirikisha wazazi, na baada ya muda maalumu ilitathminiwa upya ili kuona kama bado inastahili. Mazingira yetu ni tofauti sana na yao, lakini hoja ya kuitaka shule ithibitishe jinsi inavyomshughulikia mtoto anayechelewa inatuhusu sisi zaidi kuliko wao.

Sasa ushahidi huo upatikane vipi? Hapa ndipo naomba watunga sera wasiwe na haraka, maana ithibati inaweza kuharibika tangu siku ya kwanza. Mtathmini asiletewe watoto waliochaguliwa na mwalimu. Achague mwenyewe kutoka daftari la mahudhurio, na wale ambao hawakufika siku hiyo wafuatwe siku nyingine, kwa kuwa mara nyingi mtoro ndiye asiyejua kusoma. Asiwasomeshe kitabu cha kiada, kwa sababu mtoto wa Darasa la Pili anaweza kukariri ukurasa mzima na kuutamka kwa sauti nzuri huku macho yake yako dirishani. Amkalishe mtoto peke yake, ampe sauti za herufi, silabi, maneno, kisha habari fupi ambayo hajapata kuiona, na amuulize maswali juu ya alichosoma. Katika kuandika atumie imla, kwa maana kunakili kutoka ubaoni hakuthibitishi chochote. Katika hesabu ampe 42 kutoa 17 na amsikilize akieleza alivyopata jibu.

Baada ya hapo aende kwa mwalimu mkuu aulize maswali mawili. La kwanza ni kuhusu watoto walioshindwa: majina yao yameorodheshwa wapi, nani anawasaidia, saa ngapi, na watapimwa tena lini. La pili ni kuhusu mgawanyo wa walimu. Ni desturi katika shule nyingi kuwapeleka walimu hodari Darasa la Saba kwa sababu ya mtihani, na Darasa la Kwanza akapewa yeyote aliyebaki. Shule yenye desturi hiyo isipewe ithibati, hata kama matokeo yake ya Darasa la Saba yanang'aa.

Najua litaulizwa swali la haki, nalo ni la msingi. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 shule nyingi za umma zimepokea watoto wengi kuliko madarasa na walimu waliopo, na haingefaa kuzipima kwa kipimo kimoja na shule binafsi inayochuja watoto kwa usaili. Kwa hiyo mtoto apimwe anapoanza Darasa la Kwanza na anapomaliza la Pili, na shule ihukumiwe kwa hatua aliyopiga katikati. Nililiunga mkono Baraza la Mitihani lilipoacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora, na ithibati hii isigeuke mlango wa nyuma wa kurudisha mashindano hayo: shule zote katika kata moja zinaweza kuipata, au zikaikosa zote. Isiambatanishwe na fedha, kwa sababu pesa itazaa udanganyifu. Na mtathmini atoke nje ya kata husika.

Wakati wenyewe unatubana. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa Elimu ya Awali, Darasa la Kwanza na la Tatu, na elimu ya msingi inaelekea kuwa ya miaka sita. Mwaka wa saba, ambao walimu wengi tuliutumia kuwafidia waliochelewa, hautakuwepo tena.

Naiomba Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, kwa kushirikiana na TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), ijaribu utaratibu huu katika halmashauri chache, ikianza na watoto watakaoingia Darasa la Kwanza Januari ijayo. Shule itakayokosa ithibati ipelekewe kwanza mwalimu wa KKK kabla ya barua ya onyo, na cheti cha itakayoipata kioneshe tarehe ya kwisha kwake, kisomwe mbele ya wazazi katika mkutano wa shule, na kiondolewe ukutani siku hiyo ikifika bila tathmini mpya.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro