Barua kwa wazazi vijana wa Malindi: "ya roketi tu" si jibu

Wanangu, akina baba na akina mama,

Asalaam aleikum. Nimeiacha Idi ipite kwanza ndipo nishike kalamu, maana siku ile ningeandika kwa ghadhabu, nanyi mngesema mzee ameanza tena.

Idi Mosi alasiri tulikuwa barazani kwa jamaa yangu, wakubwa tunakunywa kahawa na halua, watoto wamefungiwa ukumbini na televisheni "ili watulie". Baba mwenye nyumba alikuwa ameagiza flashi kwa kijana wa dukani, akamwambia amtilie filamu ya roketi. Akatiliwa Alien, ya mwaka 1979. Mlioiona mnajua. Mabaharia wa chombo cha anga wako mezani wanakula, mmoja anaanza kukohoa, anaanguka, kisha kidude kinampasua kifua na kutoka nje. Ukumbini mlikuwa na mtoto ambaye meno ya utotoni ndiyo kwanza yanamng'oka.

Usiku lilipotengwa sinia la pilau, mtoto akajikumbatia kifua kwa mikono miwili na tonge hakugusa. Akilazimishwa, analia. Kesho yake wakubwa wakasema ameingiliwa na jini, likaandikwa kombe, aya za kuandikwa sahanini na kuoshwa kwa maji, akanyweshwa. Kombe silikatai, ni dua. Lakini katika nyumba nzima hakuna aliyemuuliza: mwanangu, jana umeona nini? Nilipomweleza baba yake, akanijibu, "Mzee, mimi nilijua ni ya roketi tu."

Ya roketi tu! Samaki hununui bila kumfunua mashavu, lakini kitakachoingia kichwani mwa mwanao unamwachia muuza flashi akuchagulie.

Sikilizeni. Filamu hizi za sayansi ya kubuni, za roboti na viumbe wa sayari nyingine, hazilingani hata kidogo. Mbili zinaweza kuwa na chombo kilekile cha anga kwenye picha ya jalada, moja ikamchekesha mtoto, ya pili ikamkosesha usingizi mtu mzima. Bodi ya filamu ya Kenya huzipa alama: GE ni ya watu wote, PG mtoto awe na mzazi, kisha 16 na 18. Flashi haiji na alama hizo. Zitafuteni kwenye simu, si mnayo mkononi kutwa? Kisha itazame mwenyewe kwanza, usiku, wamelala. Wala usiniambie "ni katuni", kwa sababu katuni nazo ziko za wakubwa.

Kwa wadogo, mimi huanza na WALL-E ya mwaka 2008. Ni roboti aliyeachwa duniani peke yake kukusanya takataka zilizowashinda watu. Sehemu ya mwanzo karibu haina maneno, kwa hiyo mtoto asiyejua Kiingereza hapitwi na kitu. Ikiisha, mpeleke ufuoni akaone plastiki zinazotupwa na maji, umwache aseme mwenyewe.

Kwa waliokua kidogo iko Pumzi, ya Mkenya mwenzetu Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009. Ni fupi, kama dakika ishirini. Maji yamekwisha duniani, watu wanachuja jasho na mkojo wao wapate kunywa, na msichana mmoja anatoroka akapande mche jangwani. Mtoto anayejua foleni ya mitungi bomba linapokauka hahitaji kuelezwa hadithi hiyo. Ila mwisho wake ni mzito, usimwache nao peke yake.

Hapo pa kumwacha peke yake ndipo panaponiudhi zaidi. Filamu hizi faida yake iko katika maswali, na swali linataka mtu wa kuulizwa. Mjukuu wangu aliona chombo kikilipuka angani kwa kishindo, nikamwambia kishindo kile ni uongo: sauti husafiri ndani ya hewa, na kule hewa hakuna. Hakuniamini. Tukabishana mpaka filamu ikasahaulika. Kisha akaniuliza kama roketi za kweli ziko Marekani peke yake.

Jamani! Mtoto wa Malindi anauliza hivyo! Ngomeni hapo, kaskazini yetu, Waitaliano walisimamisha majukwaa baharini, na kuanzia 1967 mpaka 1988 roketi zikaruka kutoka maji haya haya wanayovulia baba zenu. Tarehe 12 Disemba 1970 ilirushwa setilaiti ya Wamarekani, na kwa vile ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru wakaiita Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Shule zinawapakia watoto mabasini kwenda Gede na kwenye Nguzo ya Vasco da Gama. Mwaka 1498 wanaukariri kama sura fupi. Wa 1970 hakuna anayewatajia. Halafu tunashangaa wakiona sayansi ni mambo ya wazungu wa kwenye sinema. Mimi nililiongea hilo kwenye kikao cha wazazi, nikajibiwa halimo kwenye mtihani.

Mengine nayataja mbio. Usiwashe filamu ya vitisho baada ya Isha. Akifumba macho, zima, usimcheke. Kaka mkubwa asipewe kazi ya kumchagulia mdogo wake. Akitaka kuirudia ileile mara kumi, mwache. Simu yako iweke chumba cha pili.

Nanyi vijana wenye vibanda vya video, likizo ya Agosti ndiyo msimu wenu, nami riziki zenu siziombei mabaya. Bandikeni alama ya umri mlangoni, kwa herufi kubwa. Mtoto akija na sarafu yake kwa filamu ya 16, mrudishieni sarafu aende zake akacheze.

Ni mimi babu yenu,
Malindi