Iache Ogaden iende zake

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Swahibu yangu Hamza,

Asalaam aleikum. Natumaini u mzima, shemeji hajambo na mtoto kile kifua kimeshamwachia. Huku wote salama, ila umeme ndio huo unaoujua, basi naandika haraka kabla haujakatika. Nimekaa kimya muda mrefu na utasema nimekukumbuka kwa sababu ya gemu tu. Kweli, ni gemu tu.

Ile picha uliyomtumia Idi, ya gemu yako ya vita ya Hearts of Iron unapocheza Ethiopia, imefika mpaka kwangu. Addis Ababa imeshapakwa rangi ya Italia, na kalenda ya juu inasomeka Aprili 1936. Idi alicheka mpaka akapaliwa na chai. Hivi Hamza, hata Haile Selassie mwenyewe, na gesi ya sumu yote ile aliyomwagiwa, mji wake uliingiwa tarehe 5 Mei. Wewe hukumwagiwa hata tone la gesi na umeutoa Aprili! Umeshindwa na Waitaliano, ukashindwa na historia pia.

Haya, nimemaliza kukusimanga. Sasa sikiliza.

Nimeikuza ile picha nikaitazama safu yako. Imeanzia Eritrea, ikashuka Ogaden, ikaenda kuishia karibu na mpaka wa Kenya, divisheni moja moja kila mahali, na mishale ya kushambulia imejaa kote. Kwa silaha gani? Hearts of Iron inakuanzisha tarehe 1 Januari 1936 vita ikiwa imeshapamba moto, viwanda vya kuhesabu kwa vidole, ndege za maana huna, bunduki za kugawana. Na wewe unataka kumsukuma Graziani, jenerali wa Italia wa kusini, jangwani. Iache Ogaden. Iache iende zake. Ni mchanga na barabara mbovu, na kadiri anavyoingia ndani ndivyo chakula na risasi zinavyomchelewa. Wewe msubiri kwenye vilima vya Harar, tena na divisheni chache tu.

Waliobaki wote wapeleke kaskazini. Wapeleke kabla hujaruhusu saa kutembea, gemu ikiwa bado imesimama. Wapandishe milimani, wapange, kisha usiwaguse. Najua wewe huwezi kukaa bila kubofya kitu, lakini askari akitulia sehemu moja anachimba handaki, na kila siku handaki linazidi kumfaa. Anayepanda mlima kukufuata ndiye anayeumia, na akiwa na vifaru vyake anaumia zaidi. Wengine wapya waite hata mafunzo hayajaisha, gemu inakuruhusu. Askari ambaye hajaiva hafai kushambulia, ila ukimweka juu ya mlima ndani ya handaki anakusaidia vizuri tu.

Hapo ndipo huwa nabishana na Idi. Yeye anasema ukikaa tu utakufa polepole kwa mabomu ya ndege. Kweli utakufa, kama huna unachokingojea. Unaingojea Massawa, bandari ya Eritrea.

Ndugu yangu, lile jeshi lote la kaskazini linakula kupitia bandarini. Meli inashusha Massawa, mzigo unapanda Asmara, ndipo unafika kwa yule anayekupiga mabomu Tigray. Sasa anapokushambulia mlimani wiki baada ya wiki, divisheni zake zinachoka, ile rangi ya kijani pembeni inashuka, na AI, yaani kompyuta inayomchezea Mwitaliano, ina tabia ya kuhamisha vikosi huku na huku bila sababu. Kuna siku utaona pengo. Labda njia ya kuelekea pwani imebaki na kikosi kimoja, labda haina mtu. Siku hiyo ndiyo unapeleka wale wako bora uliowaweka nyuma, wote kwa pamoja, moja kwa moja Massawa. Usigeuke kumpiga mtu njiani. Ukiishika tu, huna haja ya kupigana na waliobaki mlimani, watanyauka wenyewe kama mchicha usiomwagiliwa. Hawana risasi, hawana pa kurudi nyuma, ukiwazingira wanafutika kabisa kwenye ramani.

Ila bandarini acha mlinzi, na Assab, ile bandari nyingine, pia ukifika. Wanarudi kwa meli hao, hawana haya.

Wala hili sikulitoa kichwani mwangu. Mwaka 1935 mfereji wa Suez uliachwa wazi, meli za Italia zikapita na askari wao na shehena zao, na vile vikwazo vya Shirikisho la Mataifa havikugusa hata mafuta. Ndiyo maana Badoglio, jenerali wao wa kaskazini, hakuishiwa. Halafu tarehe 31 Machi 1936, pale Maychew, Mfalme akatoka na walinzi wake kuwashambulia watu walioshajichimbia. Unajua yaliyomkuta. Ile mishale yako yote ni Maychew tupu, Hamza, tena umeifanya kila mkoa.

Sasa geuza. Juni 1940 Italia inaingia vitani, Mwingereza anawafungia Suez, na jeshi zima la Italia Afrika Mashariki linabaki kula ghala. Ndipo wakaja kina marehemu babu yako. Unakumbuka alivyokuwa akitusimulia ukeya wake, yaani uaskari wake wa KAR katika jeshi la Mwingereza, pale barazani, sisi tunasubiri kusikia bunduki, yeye anasimulia malori na maji ya kunywa? Waliingia Mogadishu tarehe 25 Februari 1941, Harar Machi 26, Addis Aprili 6. Tulidhani mzee anaficha sehemu tamu. Kumbe ndiyo ilikuwa yenyewe, malori na maji. Mwenye bandari na njia ndiye... basi, umeshanielewa.

Kwa hiyo Massawa. Idi atakuambia Mogadishu, usimsikilize. Ni mbali, na jeshi lao kubwa liko kaskazini. Huyo hajacheza Ethiopia hata mara moja, anapenda Ujerumani, nchi ya watu wavivu wa kufikiri.

Yale ya baada ya hapo, viwanda na mikondo ya siasa ya Mfalme, tutaongea. Usiyaguse kwanza. Nguvu ya kisiasa uliyonayo itie kwenye jeshi, mengine yatangoja.

Ya kwako sasa. Bado una ile gemu uliyoihifadhi ya tarehe ya kwanza au umefuta kwa hasira? Kompyuta yako inahimili spidi ya tatu, au ndiyo unacheza ya tano ndipo hujaona hata walivyoingia? Shemeji amesemaje kuhusu kukesha? Mzee Shomari alipata ule mzigo niliompa dereva, maana simu yake haipokelewi? Na Desemba unashuka Dar au ni zile ahadi zako? Nijibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu Idi ameweka dau la kuku mzima wa kuchoma kwamba Mei hufiki, na mimi nimekubali upande wako.

Wako,
Salum