Barua kwa mwanangu: simu yako iache nje ya chumba

Mwanangu mpendwa,

Tangu uliponieleza kwamba ulikaa na kitabu kwa muda wa saa tano na hakuna kilichoingia kichwani, sijatulia. Akili yako sina shaka nayo, na hilo nalisema kwa fahari mbele ya yeyote. Ninayoitilia shaka ni simu. Nimerudi kuutazama mfululizo wa ujumbe wetu wa jioni ile: ulinijibu mara saba, na hakuna jibu lililochukua hata dakika moja kufika. Ni kweli kwamba maswali yenyewe yalikuwa yangu, na yote yangeweza kungoja asubuhi.

Mwaka 1975 mtafiti Arline Bronzaft alichapisha habari za shule moja ya New York iliyopakana na reli. Watoto wa madarasa yaliyoelekea reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo hilohilo. Reli ilipotiwa raba na madarasa yakawekewa vifaa vya kufyonza sauti, tofauti ile ikatoweka. Niliposoma hayo nikaikumbuka meza yako, iliyoegemea ukuta wa sebule, na televisheni ambayo sikuwa nikiizima hadi nilale. Mengine unayajua.

Basi iache simu nje ya chumba, wala usiilaze kifudifudi mezani ukidhani umeishinda, kwa maana mkono huifuata wenyewe. Usizibe kelele za majirani kwa nyimbo zenye maneno, kwani akili huyafuata maneno inayoyaelewa hata usipotaka. Heri mvumo wa feni. Ukilazimika kuinuka, andika kwanza mstari mmoja unaosema umefikia wapi na utaanzia wapi, maana kazi iliyoachwa katikati huendelea kuivuta akili hata ukiwa umeshika nyingine. Nilikwambia haya kabla hujaondoka, ukaitikia huku ukitazama kioo cha simu, na jambo hilo liliniuma. Lakini simu, mwanangu, iache nje.

Huku nyumbani televisheni nimeihamishia chumbani kwangu, na bawaba za mlango wako nimezitia mafuta, ule mkwaruzo haupo tena. Mdogo wako ndiye anayesomea mezani kwako sasa. Ameikuta ile alama ya wino pembeni na amenikataza kuifuta. Jana alinyamaza muda mrefu hata nikaingia kumtazama, nikamkuta anaandika, nikarudi nje taratibu nisimkatize. Wewe sikukufanyia hivyo.

Kuanzia leo sitakupigia kabla ya saa tatu usiku. Likitokea la dharura nitapiga kwa mwenye nyumba wako, naye atakugongea mlango.

Akupendaye,
Mama